Je, Wajua? Moto wa Rodi, Gesi ya Argoni na Macho ya Fundi

Je, wajua kwamba fundi aliyechomelea mchana bila kinga anaweza kula chakula cha jioni akiwa mzima kabisa, kisha akaamka usiku akilia kwa maumivu ya macho? Arki ya umeme, ule mwanga mkali unaowaka kati ya ncha ya rodi na chuma, hutoa mionzi ya urujuanimno inayounguza konea, utando angavu ulio mbele ya mboni. Maumivu huchelewa, mara nyingi huanza baada ya saa 6 hadi 12. Macho hutoka machozi, mwanga hauvumiliki, na mgonjwa huapa kwamba ametiwa mchanga. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, na hapo ndipo penye mtego, maana kijana hurudi kazini akiamini kwamba macho yameshazoea. Konea haizoei. Kuchomelea kuna madhara mengi ya aina hii, yasiyouma wakati yanapoingia mwilini, nayo ndiyo yatakayochukua nafasi kubwa hapa.

Je, wajua tofauti kati ya miwani ya jua na kioo cha kuchomelea? Pita Kamukunji, Nairobi, au kwenye karakana za kando ya barabara Dar es Salaam, utawaona vijana wakiunga mageti na madirisha huku wamevaa miwani ya jua. Miwani ya jua iliyo nyeusi kiasi cha kawaida hupitisha sehemu 8 hadi 18 katika kila mia ya mwanga. Kioo cha kuchomelea namba 10 hupitisha takriban sehemu 1 katika kila 7,000. Kazi ya rodi huhitaji namba 10 hadi 12 kulingana na ampea, na zaidi ya giza la kioo, helmeti hufunika mashavu, paji la uso na shingo, ambavyo navyo huungua kwa mionzi ileile.

Helmeti zinazojitia giza zenyewe huchuja urujuanimno wakati wote, hata betri ikiwa imekufa. Giza ndilo linalotegemea betri.

Maziwa au vipande vya viazi mbatata juu ya macho yaliyoungua havitibu konea. Matone ya kutia ganzi ambayo daktari hutumia anapokagua jicho huondoa maumivu papo hapo, lakini mtu akiyanunua na kuyatumia nyumbani mara kwa mara huzuia konea kupona na huweza kuiharibu kabisa. Nenda kliniki ya macho. Na ule uvumi kwamba lenzi za kuvaa ndani ya jicho huyeyuka na kugandana na jicho kwa sababu ya arki ni uongo; haijawahi kutokea.

Mpita njia naye huungua. Watoto husimama kutazama cheche, na hakuna anayewafukuza. Pazia la turubai zito au bati lililosimamishwa upande wa barabara hutosha.

Je, wajua arki ilijulikana kabla ya mtu yeyote kuitumia kuunga chuma? Mrusi Vasily Petrov aliiwasha mwaka 1802. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1880 ndipo Nikolai Benardos na Stanisław Olszewski walipounga vyuma kwa arki ya kijiti cha kaboni, na mwaka 1888 Nikolai Slavyanov akatumia kijiti cha chuma kinachoyeyuka chenyewe na kuingia kwenye kiungo. Lakini kijiti kitupu kilitoa mshono dhaifu, kwa kuwa oksijeni na naitrojeni ya hewani ziliingia kwenye chuma kilichoyeyuka. Dawa ilitoka Sweden: mwaka 1907 Oscar Kjellberg alipata hataza ya rodi iliyovikwa ngozi ya madini. Kila rodi unayoinunua leo dukani ni mjukuu wa ile.

Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ni ya zama zilizotangulia meli za kuchomelewa. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashonwa kwa ribiti na kuingizwa majini mwaka 1915. Meli ya kwanza ya baharini iliyochomelewa mwili mzima bila ribiti, Fullagar ya Birkenhead, Uingereza, ilikuja mwaka 1920.

Je, wajua ngozi ya rodi hufanya kazi gani? Ikiungua hutoa gesi inayoifukuza hewa, huituliza arki isizimike, na huacha slagi, gamba gumu linalofunika mshono hadi upoe. Slagi ikigongwa hurukia macho ikiwa bado ya moto, na mafundi wengi huivua helmeti wakati huohuo. Vaa miwani ya kinga angavu chini ya helmeti, ibaki usoni wakati wa kugonga na wa kutumia grinda.

Namba kwenye rodi zinasomeka. E6013: 60 ni nguvu ya mshono, paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba, 1 inasema rodi inafaa mikao yote, hata juu ya kichwa, na namba ya mwisho, ikisomwa pamoja na iliyotangulia, hueleza aina ya ngozi na mkondo wa umeme unaofaa. Hii ndiyo rodi ya mageti, na hukubali mkondo wowote. E7018 ni ya kazi nzito: fremu za lori, mihimili, mabomba ya shinikizo.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu E7018 huuzwa na kutunzwa vibaya sana. Sifa yake yote ni kuingiza hidrojeni kidogo kwenye mshono, na hidrojeni hutoka kwenye unyevu. Pakiti ikishafunguliwa, rodi hizo hukaa kwenye oveni yenye joto la nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi, na zile za kawaida zisikae nje zaidi ya saa 4. Sasa fikiria pakiti iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita kwenye duka la Mombasa au Tanga, hewa ya bahari ikiingia na kutoka. Rodi itawaka na mshono utapendeza. Kisha hidrojeni iliyonaswa ndani huufungua ufa kimyakimya, na ufa huo huweza kutokea hata saa 48 baada ya kazi, gari likiwa limeshapakia mzigo. Kwa sababu hiyo, kwenye kazi za mihimili minene ya chuma kigumu wakaguzi husubiri siku mbili kabla ya kupima.

Na usikaushe kila rodi unayoiona. E6010 na E6011, zenye ngozi ya selulosi, huhitaji unyevu kidogo ndani yake ili ziwake sawasawa. Ukizitia ovenini umeziharibu.

Ampea ngapi? Anza na takriban 40 kwa kila milimita ya unene wa rodi bila kuhesabu ngozi yake, kisha rekebisha. Gauge 12, yaani milimita 2.5, huanzia 60 hadi 100. Gauge 10, milimita 3.2, huanzia 90 hadi 140. Jaribu kwenye kipande chakavu chenye unene uleule. Rodi ikinasa na mshono ukivimba juu ya chuma, ongeza. Ikitawanya cheche, ikiwa nyekundu hadi kwenye holda, yaani kishikio cha rodi, na kuchimba kingo za mshono, punguza. Urefu wa arki usizidi unene wa rodi.

Kwa mashine ya mkondo mnyoofu, holda hukaa upande wa chanya kwa rodi nyingi. Ukihamia TIG, yaani kuchomelea kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi, mambo hugeuka; tutafika huko.

Je, wajua kwamba soketi ya ukutani haiwezi kubeba mashine nzima? Plagi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hubeba wati 3,000 hivi. Mashine inayotoa ampea 160 kwenye arki ya volti 26 inatoa zaidi ya wati 4,100, na hapo hatujahesabu umeme unaopotea ndani yake. Kwa rodi nyembamba plagi inaweza kuvumilia. Kwa gauge 10 huanza kunuka, kisha huyeyuka. Mashine inataka laini yake, breka yake na waya mnene, vikifungwa na fundi umeme mwenye leseni. Kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzibana kwa vijiti, jambo linalofanyika kila siku, kumeshaua na kutaendelea kuua.

Ekstensheni ya mita 30 yenye waya wa milimita 1.5 za mraba hupoteza takriban volti 14 mashine ikivuta ampea 20. Volti hizo hugeuka joto ndani ya waya. Waya ukiwa umezungushwa kwenye kibao chake, joto halina pa kutokea. Ufungue wote, ulale chini umenyooka, mbali na cheche.

Asilimia iliyoandikwa ubavuni mwa mashine, kwa mfano 60 kwa ampea 160, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 unaruhusiwa kuchomelea dakika 6 na kuiacha ipoe 4. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye joto la hewa la nyuzi 40. Mashine inayopumzika iache ikiwaka, feni yake izunguke. Ukiizima ghafla, joto hubaki ndani.

Inveta ndogo za siku hizi hubebwa begani kwa sababu huubadilisha umeme mara maelfu kwa maelfu kila sekunde, badala ya mara 50 za transfoma, hivyo kiini chake cha chuma kikawa kidogo sana. Adui yake ni vumbi la grinda. Vumbi la chuma huvutwa na feni hadi kwenye bodi, na siku moja hupitisha umeme pasipostahili. Elekeza cheche za grinda upande mwingine.

Je, wajua kwamba mashine ambayo haijaanza kuchoma ndiyo yenye volti nyingi? Rodi ikiwa hewani, kati ya holda na kazi kuna volti 50 hadi 80, wakati mwingine zaidi. Arki ikiwaka hushuka hadi 20 na kitu. Viwango vya kimataifa huruhusu hadi volti 80 za mkondo geu mahali pa kawaida, lakini 48 tu mahali penye hatari zaidi, kama ndani ya tangi au penye maji. Tofauti hiyo ipo kwa ajili ya ngozi ya binadamu: ikiwa kavu huzuia umeme kiasi, ikiloa haizuii. Fundi wa pwani aliyelowa jasho, amekalia chuma, amevaa glavu zenye matundu, anabadilisha rodi kwa vidole vyake. Huyo ndiye anayepigwa. Glavu kavu za ngozi na ubao mkavu wa kukalia au kupigia magoti vina thamani kubwa kuliko mashine mpya. Ukiona alama ya S kwenye mashine, imejengwa kutumika mahali penye hatari hiyo.

Klempu ya ethi hubana karibu na kiungo, kwenye chuma kilichosuguliwa kutu na rangi. Ukiifunga mbali, umeme hujitafutia njia kupitia beringi, na huzitoboa vijishimo. Kwenye gari, toa waya za betri kwanza.

Je, wajua TIG ilizaliwa kwenye kiwanda cha ndege? Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Northrop ilitaka kuunga magnesiamu, metali nyepesi inayoshika moto. Russell Meredith, mwaka 1941, alitumia ncha ya tungsteni isiyoyeyuka huku gesi ya heli ikiifukuza hewa. Baadaye argoni ikachukua nafasi ya heli. Argoni imo kwenye hewa unayovuta sasa hivi, asilimia 0.93 yake.

Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, juu kuliko metali nyingine zote. Hata hivyo ukiifunga upande wa chanya, ncha yake huvimba na kudondoka, kwa kuwa joto kubwa la arki huelekea upande huo. Kwa hiyo tochi ya TIG hufungwa hasi, na klempu chanya. Inveta nyingi za rodi hukubali kazi hii: unaongeza tochi yenye vali ya kufungulia gesi kwa mkono, silinda ya argoni na regyuleta.

Gesi nyingi haina maana ya kinga bora. Lita 7 hadi 12 kwa dakika hutosha kazi nyingi za kawaida. Ukizidisha, gesi huzunguka kwa fujo na kuivuta hewa ndani. Arki ikishazimika, gesi iendelee kutoka, kama sekunde 1 kwa kila ampea 10, ili tungsteni isiungue. Kabondayoksaidi ya bei nafuu haifai kabisa, kwani huila tungsteni. Na upepo mdogo tu huipeperusha argoni yote, ndiyo maana chini ya jua kali rodi bado ni mfalme, na TIG hukaa ndani ya karakana zinazotengeneza matangi ya maziwa na meza za jikoni za stenlesi.

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi unaoifunika huhitaji zaidi ya 2,000. Ukiupasha, ndani hugeuka uji huku juu pakibaki pamekaza. Mkondo geu ndio unaotibu hali hiyo: nusu moja ya mzunguko huupasua utando, nusu nyingine hupasha chuma. Inveta ndogo ya mkondo mnyoofu pekee haitaiweza, hata muuzaji akikuapia.

Tungsteni yenye rangi nyekundu mwishoni ina asilimia 2 hivi ya thoria, ambayo ni ya mnururisho. Ukiishika haina neno. Vumbi lake unapoinoa ndilo lisiloruhusiwa kuingia mapafuni. Zenye rangi ya kijivu, dhahabu au buluu hufanya kazi hiyohiyo bila thoria. Noa kwa urefu, mikwaruzo ielekee nchani.

Je, wajua argoni inaweza kuua mtu bila yeye kuhisi lolote? Haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, hujaa chini ya tangi au shimo. Mwili hutambua kukosa pumzi kwa kupimia kabondayoksaidi iliyozidi. Oksijeni ikipungua peke yake haileti hisia ya kukabwa. Mtu hulegea na kuanguka. Mwenzake huruka ndani kumwokoa, naye huanguka juu yake. Funga silinda nje ya tangi, ingiza hewa kwa feni, awepo mtu mlangoni mwenye kamba, na asiingie.

Silinda isimame, imefungwa mnyororo. Shinikizo lake hufika bar 150 hadi 200. Ikianguka na vali ikakatika, hupasua ukuta.

Moshi je? Mwaka 2017 wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani, IARC, uliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu ambavyo imethibitika kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Mionzi ya arki nayo iliwekwa humo. Kaa upande unakotoka upepo, na kichwa kisining'inie juu ya moshi. Ukichomelea stenlesi kwa rodi, moshi wake una kromiamu ya aina mbaya zaidi, na kitambaa cha mdomoni hakifai kitu. Tafuta kinga ya kupumulia yenye vichujio vya moshi wa metali.

Bomba la galvanaizi lina zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma. Moshi mweupe huo ukiuvuta, saa chache baadaye hutetemeka kwa homa na ladha ya chuma mdomoni, na wengi hudhani ni malaria. Mafundi hunywa maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, ila huenda tumboni. Zinki imekwenda mapafuni. Saga zinki kando ya kiungo kabla ya kuwasha.

Baya zaidi: baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini. Mionzi ya arki ikikutana na mvuke wake huzaliwa fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye. Safisha kwa sabuni na maji, kausha, ndipo uchomelee.

Pipa tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke uliobaki umechanganyika na hewa. Kulisuuza mara moja hakutoshi. Binafsi ningelikataa kazi hiyo, hata mteja akiongeza bei.

Cheche huruka hadi mita 11. New York, Februari 1942, cheche za tochi ya kukatia chuma ziliangukia maboya ya kujiokolea ndani ya meli ya Normandie. Maboya yale yalijazwa sufi, ileile ya kwenye mito yetu ya kulalia. Meli iliungua, ikajaa maji ya wazimamoto, ikalala ubavu gatini. Baada ya kuzima mashine, kaa na ndoo ya mchanga au kizimamoto kwa saa nzima ukikagua. Godoro au pumba huvukuta polepole kabla ya kuwaka.

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Tanzania ina ya mwaka 2003. Zote humtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kinga. Kijana aliyeajiriwa ana haki ya kudai helmeti kabla ya kushika holda.

Je, wajua angani pia watu wamechomelea? Oktoba 1969, ndani ya chombo cha Soyuz 6, Valery Kubasov alifanya jaribio la kwanza la kuunga metali angani.

Na duniani, kwenye mabomba ya mafuta, mara nyingi TIG na rodi hufanya kazi kwenye kiungo kimoja: TIG huweka mshono wa chini kabisa, safi bila slagi, kisha rodi za E7018 hujaza hadi juu. Anayetaka kazi hiyo haulizwi tu cheti cha mafunzo ya ufundi, cha VETA ya Tanzania au cha NITA ya Kenya. Hupewa vipande viwili vya chuma aunge. Kiungo hukatwa vipande vyembamba, na kila kimoja hukunjwa na mashine hadi kifanane na herufi U, mshono ukiwa umetazama nje. Mkaguzi hupima kwa rula. Chini ya viwango vingi vinavyotumika, ufa ukizidi milimita 3 fundi amefeli, hata kama juu mshono wake ulikuwa unang'aa.